Mbao Ngumu Huhitaji Pini Fupi

Pini za stepla zikibaki zimechomoza juu ya fremu ya kochi, lawama ya kwanza huangukia stepla: ni hafifu, ni ya bei rahisi, inunuliwe nyingine. Lawama ya pili huangukia pini, kwamba ni fupi mno, na fundi hurudi dukani kutafuta ndefu zaidi. Kwa mbao tunazotumia Kakamega, dawa hiyo ya pili huzidisha ugonjwa. Stepla ya mkono haina nguvu nyingine ila ya springi. Unapobana mpini, springi hukazika. Ukifika mwisho huachia, na ulimi wa chuma huipiga pini pigo moja tu. Pigo hilo ni lile lile, uwe umejaza pini za milimita 6 au za 14. Mguu mrefu husuguana zaidi na mbao na hupinda upesi, hivyo nguvu huisha kabla pini haijazama. Mkaratusi, ambao umejaa mashambani mwetu, ukishakauka ni mgumu kuliko saiprasi. Anza na milimita 6 au 8. Saiprasi hupokea 10 bila taabu.

Boksi lenyewe hukusaidia ukilisoma. Likiandikwa 13/8, namba ya kwanza ni aina ya waya na ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Aina ya waya lazima ilingane na ile iliyotajwa kwenye stepla, kwani pini za aina ya 140 zina waya bapa na mnene na haziingii kwenye stepla iliyoundwa kwa 13 peke yake. Kabla ya kujaza, funga mpini. Sukuma ufito wa nyuma kidogo, uutegue, uuvute nje, kisha uweke pini miguu ikielekea upande zinakotokea. Stepla inayojazwa kwa chini hupinduliwa kwanza, kwa hiyo wakati huo miguu hutazama juu, na hapo wengi huchanganyikiwa. Unapopiga, pua ikae bapa kabisa na kiganja cha mkono wa pili kikandamize kichwa chake. Pigo huirusha stepla nyuma, na ikiinuka hata kidogo pini hubaki nje, hata ikiwa ya urefu unaofaa. Pini ikikwama, funga mpini na utoe ufito kabla ya kuingiza koleo, na usichungulie puani kamwe.

Fundi atapinga kwamba pini ndefu hushika zaidi. Ni kweli, mradi izame yote. Iliyozama nusu na kupinda imeshika kidogo kuliko fupi iliyolala sawa. Atasema pia kwamba kitambaa kilichokunjwa mara tatu hula urefu wa pini. Hoja hiyo ina uzito, ila jibu lake ni kupunguza mikunjo kwa mkasi, au kupigilia tabaka moja moja. Mikanda inayobeba uzito wa mwenye kuketi ni habari nyingine: kwa stepla ya mkono usiitegemee pini, piga misumari. Mwenye stepla ya upepo na kompresa anaweza kuzamisha pini ya 14 kwenye mkaratusi, lakini huyo hulipia umeme, na kwa anayekarabati viti viwili vitatu nyumbani gharama hiyo haina maana.

Wapo wanaokwepa ugumu kwa kutumia mkaratusi mbichi, maana pini huzama humo kama kwenye sabuni. Mbao hiyo ikikauka husinyaa na pini hulegea, na tindikali iliyo ndani ya mkaratusi huharakisha kutu na kuacha madoa meusi. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kukausha mbao huku si kazi ya wiki moja. Ukiagiza kochi, muulize fundi mbao zake zilipasuliwa lini, kisha upitishe ukucha juu ya mstari wa pini. Ukikwama, mwambie azing'oe kabla hujalipa.