Wazee 15 Ambao Hawakuwapo

Nimeulizwa mara kadhaa: mtu anayeanza kuchambua takwimu kwa kompyuta, kwa nini ajisumbue kuandika amri, na hali zipo programu za kubonyeza tu? Nitajibu kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na madodoso ya watu 200 wa mtaa mmoja. Tulitaka kujua wangapi wamepita miaka 60, maana hao ndio waliotengewa miwani ya kusomea. Nikafungua Stata, programu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1985, nikaandika: count if umri > 60. Yaani, hesabu kila ambaye umri wake unazidi 60. Jibu likaja kabla sijainua kidole: 46. Nikapeleka.

Siku ya pili mjumbe akaniuliza, "Bwana, hao wazee wengine umewatoa wapi?" Aliwajua wazee wake kwa majina, nao ni 31. Kumbe watu 15 hawakujaza umri. Mahali patupu Stata huweka nukta, na nukta hiyo huihesabu kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Vijana waliosahau kujaza wakazeeka kwa usiku mmoja!

Mashine haikukosea, nilikosea mimi. Ila kosa niliweza kulipata, kwa kuwa amri zangu zote nilizihifadhi katika faili, mstari kwa mstari. Nikaongeza "& umri < ." nikaliendesha faili upya: 31. Ningekuwa nimebonyeza tu, ningekumbuka wapi nilichobonyeza juzi?

Basi anayeanza, kwanza aandike summarize umri, aone wangapi wamejibu, na umri mdogo na mkubwa kabisa. Akikuta mtu wa miaka 999, huenda karani ndivyo alivyomwandika asiyejibu. Faili la asili asiliguse.

Stata hununuliwa. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni ya bure, na kwa jambo hili ina adabu zaidi: ukiiomba wastani wa safu yenye pengo, hukujibu NA, yaani haujulikani, mpaka uiagize mwenyewe iliruke pengo hilo.

Bahati njema, miwani ilikuwa haijanunuliwa. Nilimpelekea mjumbe hesabu mpya kwa mkono wangu, na karatasi ya amri nimeibana nyuma yake.