Trekta Limenunuliwa, Ruhusa Imebaki Kiwandani

Katika fikihi ya biashara yafahamika kwamba mauzo yakishatimia, milki ya kitu huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Basi tujiulize: mtu aliyenunua trekta kwa mali yake, kisha akazuiwa kulitengeneza, amenunua nini hasa?

Wakulima wa Marekani wameliuliza swali hili kwa miaka mingi. Matrekta na mashine za kuvunia za siku hizi huendeshwa kwa kompyuta. Kihisio kimoja kidogo kikiharibika, kompyuta huweza kupunguza nguvu za injini au kuizima kabisa, ijapokuwa injini yenyewe ni nzima. Mkulima huweza kukifahamu kipuri kilichokufa, akafunga kipya kwa mkono wake, na mashine isikikubali mpaka aje fundi wa wakala mwenye programu ya kiwanda. Fundi huyo ana foleni ya wateja, na ngano iliyoiva haimngoji mtu. Mvua ikiikuta shambani, nafaka huharibika. Sisi tuliozoea kupeleka redio na simu kwa fundi wa mtaani tutastaajabu, kwani hapa ufundi upo, ila ruhusa ndiyo haipo.

Jimbo la Colorado lilianza na wanyonge. Mwaka 2022 lilipitisha sheria juu ya viti vya magurudumu vya umeme, maana mlemavu ambaye kiti chake kimekufa hufungika nyumbani. Aprili 2023 Gavana Jared Polis alitia saini sheria ya zana za kilimo, ya kwanza ya namna yake nchini humo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Inawataka watengenezaji wawapatie wakulima na mafundi huru vipuri, programu na vitabu vya maelekezo.

Watengenezaji hudai kuwa watu watachezea vidhibiti vya usalama na vya moshi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini sheria yenyewe haiwalazimishi kutoa njia ya kuvizima. Kinachogombewa zaidi, kwa maoni yetu, ni pato la matengenezo. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishitaki kampuni ya Deere ikidai kwamba imelihodhi soko hilo. Kampuni ilikanusha.