Kifuko cha maji kwenye kongosho: Kisu kina wakati wake

KONGOSHO ni kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula, na aghalabu mtu hakikumbuki hadi kinapougua. Hutoa juisi ya kusaga chakula pamoja na insulini inayodhibiti sukari mwilini.

Kongosho ikivimba, hasa kutokana na ulevi au vijiwe vya nyongo, juisi hiyo huweza kuvuja. Mwili huizingira kwa ukuta, na hapo huzuka kifuko cha majimaji.

Vifuko vingi vya aina hii hunywea vyenyewe. Vingine huleta balaa. Hukandamiza mfuko wa chakula, mgonjwa akatapika kila alapo; huziba njia ya nyongo, macho yakawa manjano; hutunga usaha au kupasuka. Hatari kuu ni juisi kula mshipa wa damu, mgonjwa akavuja damu ndani kwa ndani.

Mbona basi madaktari hawakimbilii kisu? Ukuta wa kifuko kichanga ni laini, haushiki nyuzi. Huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kukomaa. Ndipo daktari mpasuaji hukiunganisha na mfuko wa chakula au utumbo mdogo ili majimaji yatiririkie humo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia bila kupasua tumbo, kwa mpira mwembamba wenye kamera upitishwao mdomoni.

Hata hivyo, vipo vifuko vinavyoota bila kongosho kuvimba, na baadhi, hasa vyenye ute, huweza kugeuka saratani. Hivi havimwagwi maji. Vikionyesha dalili za hatari, hukatwa pamoja na sehemu ya kongosho. Vilivyo upande wa kichwa cha kongosho huhitaji upasuaji mkubwa uliopewa jina la Mmarekani Allen Whipple, aliyeueleza mwaka wa 1935. Baadaye mgonjwa huenda akapata kisukari, au akahitaji dawa za kumsaidia kusaga chakula.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Wao hao wakaonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika maradhi haya, yote mawili ni kweli. Aliyeambiwa asubiri na aulize kifuko chake ni cha aina gani, wala asikose tarehe ya kupigwa picha tena. Lakini akipatwa na homa, maumivu ya ghafla, choo cheusi au kutapika damu, asingoje tarehe hiyo: aende hospitalini siku iyo hiyo.