MTOTO ASILELEWE NA MTOTO

Leo tuzungumze juu ya malezi ya watoto wadogo wakati wazazi wako shambani. Labda utauliza: jambo hili linahusu nini ukurasa wa afya? Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Siku moja wakati wa palizi, msichana wa miaka 8 alikuja zahanati akikimbia. Mgongoni alimbeba mdogo wake wa miaka 2. Mtoto yule alikuwa ameungua mkono na kifua kwa uji wa moto. Baba yao alikuwa mjini akitafuta kibarua. Mama yao alikuwa shambani tangu alfajiri. Msichana alibandika uji, akatoka kwenda kuchota maji ndoo moja. Aliporudi alikuta sufuria imepinduka.

Nilimhudumia mtoto. Kisha niliandika barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya, kwa sababu jeraha lilikuwa kubwa. Mama alifika baadaye, jembe likiwa bado begani. Nilikwisha tayarisha maneno makali ya kumwambia. Lakini yeye aliniwahi. Aliniuliza, "Mganga, ningemwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Chuoni nilifundishwa kutibu majeraha ya moto. Sikufundishwa kujibu swali lile. Tangu siku hiyo nimelifikiri sana, na haya ndiyo niliyoyaona.

(Kwanza, kumbuka hili. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati upesi.)

WANAOUMIA NI WATATU

Mtoto akiachiwa mtoto mwenzake, wanaumia watu watatu.

Wa kwanza ni mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hawezi kula chakula cha kutwa nzima kwa mara moja. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miaka 2 anatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku, na kupewa kitu kidogo katikati, kama ndizi au papai. Kaka au dada wa miaka 8 humpa kiporo cha ugali saa sita mchana, basi. Maji ya kunywa hayakuchemshwa. Mikono haikunawiwa. Mtoto anaharisha, anapungua uzito, kisha anaugua tena.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Hakupata chakula bora cha kutosha, au aliugua mara kwa mara, au yote mawili. Kudumaa hakuishii kwenye urefu. Mtoto huyo mara nyingi hupata shida katika masomo, kwa maana ubongo nao hukua kwa chakula. Mtoto afikapo miaka 5, ubongo wake umekwisha fikia karibu ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka hiyo ikipita hairudi.

Wa pili ni msichana anayelea. Yeye naye ni mtoto. Wenzake wako darasani wanajifunza kusoma, yeye yuko nyumbani na mdogo wake mgongoni. Wewe unayesoma gazeti hili huenda ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Waijua taabu ya kukaa miaka mingi ukisomewa barua zako na watu wengine. Je, unataka binti yako aipate taabu hiyo?

Wa tatu ni mama. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mama mkulima hana likizo hiyo. Mvua haimsubiri. Akibaki nyumbani, magugu yanashinda mahindi. Akienda shambani, moyo wake unabaki nyumbani. Akimbeba mtoto mgongoni, analima akiwa na mzigo wa kilo 10 juani. Njia zote tatu zina hasara.

HESABU YA SAA

Sasa chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu.

Tuseme kijiji kina akina mama 30 wenye watoto wa miaka 2 hadi 5. Kila mama anahitaji saa 4 za kulima asubuhi bila wasiwasi. Saa 4 mara 30 ni saa 120.

Tuseme watoto hao 30 wanawekwa pamoja, na walezi watatu wanawatunza, kila mlezi watoto 10. Walezi 3 mara saa 4 ni saa 12.

Kijiji kinatoa saa 12, kinapata saa 120. Hata kama nusu ya akina mama hao wangelima vilevile kwa taabu, bado kijiji kimepata saa 60 za kazi katika asubuhi moja. Hayo ni mahindi, ni maharage, ni ada na daftari. Kwa hiyo malezi ya mchana si msaada kwa akina mama peke yao. Ni faida ya kijiji chote, hata ya mtu asiye na mtoto.

JAMBO HILI SI GENI

Wazee wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana. Zamani bibi na mashangazi walikuwa katika ua mmoja. Siku hizi bibi naye anashika jembe, na mashangazi wameolewa mbali au wamehamia mjini. Msaada ule umepungua, lakini watoto bado wanazaliwa.

Nchi yetu imekwisha jaribu kuziba pengo hilo. Katika miaka ya 1960 na 1970, umoja wa wanawake, UWT, ulihimiza vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na vijiji vingi vya ujamaa vilivianzisha. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo hivyo. Sheria hiyo sasa imefutwa, na mambo yake yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Mwaka 1983 Serikali, ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa. Mpango huo ulianzia vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe walijadili matokeo na kuuliza sababu. Vijiji viliweka mahali pa kulishia watoto wadogo wakati mama zao wako kazini. Kabla ya mpango, watoto wapatao 6 kwa kila 100 walikuwa na utapiamlo mkali. Kufikia mwaka 1988 walikuwa chini ya 2. Si chakula cha mchana peke yake kilicholeta mabadiliko hayo. Chanjo, maji na matibabu vilisaidia pia. Lakini kijiji kiliona kwamba mtoto wa jirani ni hesabu ya kijiji.

Mbona basi vituo vingi vya zamani vilikufa? Katika vijiji vingi sababu ni mbili. Mlezi hakulipwa, akachoka, akarudi shambani kwake. Na chakula kilikwisha, watoto wakaacha kuja. Tujifunze kutokana na makosa hayo.

KITUO KIZURI KINA NINI?

Kituo kibaya ni hatari kuliko kukosa kituo. Watoto 40 katika chumba kimoja na mlezi mmoja aliyechoka, hapo kikohozi na kuhara huenea upesi. Angalia mambo haya:

1. Mahali. Si lazima jengo jipya. Chumba cha ofisi ya kijiji chenye madirisha, na kivuli cha mwembe, vyatosha kuanzia. Pawe mbali na barabara, kisima kilicho wazi na jiko la moto.

2. Walezi. Wawe watu wazima wenye upendo na subira, wanaojulikana kijijini kwa tabia njema. Wasipige watoto.

3. Maji na choo. Pawe na maji ya kunywa yaliyochemshwa, maji ya kunawa na sabuni. Choo kiwe na tundu dogo ili mtoto asiogope wala asitumbukie.

4. Chakula. Uji wenye nguvu asubuhi, na tunda. Uji huo nitaueleza hapa chini.

5. Michezo na maneno. Mtoto hujifunza kwa kucheza, kuimba, kuhesabu vizibo na kusikiliza hadithi. Mlezi aongee nao. Kuwakalisha kimya si kuwalea.

6. Kupima. Kila mwezi watoto wapimwe uzito, na kadi ya kliniki ijazwe. Mtoto ambaye uzito wake hauongezeki aletwe zahanati. Mwenye homa au kuhara asichanganywe na wengine.

7. Uandikishaji. Muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awaeleze taratibu za kusajili kituo.

Na mtoto anayenyonya? Miezi 6 ya kwanza anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Huyu asitengwe na mama yake. Akina mama wenye watoto wachanga wanaweza kulima mashamba yaliyo karibu, mmoja wao akibaki kivulini kwa zamu na kuwaita wenzake watoto wanapotaka kunyonya.

UJI WENYE NGUVU

Uji mwepesi umejaa maji. Uji mzito unamshinda mtoto kumeza. Tufanyeje? Tutumie kimea.

Loweka ulezi usiku mmoja. Uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 mpaka uote. Ukiona ukungu, tupa. Uanike juani ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, kisha usage.

Sasa pika uji mzito wa unga wa dona na karanga zilizosagwa. Epua, uache upoe kidogo. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, ukoroge. Utaona uji unalainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, kisha uache upoe kabla ya kumpa mtoto. Sasa mtoto anapata chakula kingi katika kikombe kidogo.

GHARAMA YAKE

Mtoto mmoja anatosheka na gramu 80 za unga kwa uji wa asubuhi. Kituo kikifunguliwa siku 20 kwa mwezi, kwa miezi 11, ni siku 220. Gramu 80 mara 220 ni gramu 17,600, yaani kilo 17 na nusu na kidogo. Hilo ni kama debe moja la mahindi. Ongeza kilo 4 na nusu za karanga. Basi chakula cha mtoto kwa mwaka mzima ni debe moja la mahindi na karanga hizo. Litolewe wakati wa mavuno, wakati nyumba ina kitu, lisisubiri miezi ya njaa.

Mlezi naye alipwe. Mkutano wa kijiji uamue: fedha kidogo kila mwezi, au sehemu ya mavuno, au wanakijiji wamlimie shamba lake kwa msaragambo. Lakini alipwe, na daftari liandikwe, lisomwe mkutanoni.

Mjane asiye na debe la mahindi alete kuni au afanye zamu ya kupika. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umaskini, maana huyo ndiye anayehitaji kituo kuliko wote. Na akina baba wasikae pembeni. Kuchimba choo, kuezeka na kuleta maji si kazi za wanawake peke yao.

MZEE ALISEMA

Nilipolieleza jambo hili katika mkutano wa kijiji, mzee mmoja alisimama. Alisema, "Bwana mganga, wewe ni kijana. Sisi tulilelewa na dada zetu, na hatukufa."

Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza, "Mzee, mlizaliwa wangapi?"

Alifikiri kidogo. Akasema, "Tisa." Kisha akasema, "Tulikua wanne." Akakaa chini.

Hakuna aliyecheka. Baada ya hapo tulianza kuhesabu madebe.

Kituo chetu kilianza chini ya mwembe na watoto 11. Bado tuna shida: mvua ikinyesha hatuna paa la kutosha, na si kila nyumba imekwisha leta mahindi yake. Mtoto yule aliyeungua alipona, ila kovu lipo. Sasa anakunywa uji na wenzake. Dada yake yuko darasa la pili, na mwalimu wake anasema haikosi shule.

Ndugu msomaji, wakati ujao wa palizi hauko mbali. Jiulize mapema: mama akienda shambani, mtoto anabaki na nani?

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chenu, ni watoto wangapi wa miaka 2 hadi 5 wanaobaki na kaka au dada zao wakati wa kilimo?
2. Ni wasichana wangapi wanaokosa shule kwa sababu hiyo?
3. Taja mahali kijijini panapoweza kuwa kituo. Panahitaji kutengenezwa nini?
4. Fanya hesabu: watoto 25 wanahitaji madebe mangapi ya mahindi kwa mwaka?
5. Mtamlipa mlezi kwa njia gani ili asichoke?