Mwenyekiti wa kitongoji naye ana watoto wa kulisha

Katika vitongoji vingi vya Tanzania, siku ya familia ya mwenyekiti huanza kwa hodi ya mtu mwingine. Jua halijatoka, mama bado anapuliza moto wa uji, na mlangoni kuna mgeni: ng'ombe wa jirani wamelala kwenye mahindi yake. Akiondoka huyo, anafika kijana anayetaka kutambuliwa ili apate barua kwa mtendaji wa kijiji. Mchana wanaletwa mume na mke waliopigana. Jioni simu inaita: kesho saa tatu kuna wageni wa wilaya, watu wakusanywe.

Wote hao hukaribishwa. Mkeka unatandikwa, maji yanatolewa, na mara nyingine ugali uliopikwa kwa watu sita unaliwa na tisa. Vocha ya simu ni ya mwenyekiti, na daftari na kalamu ni vyake. Mwisho wa mwezi mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa, anapokea mshahara. Mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura hana mshahara. Anategemea posho, na posho inategemea mapato ya kijiji. Pale ambapo hakuna mnada, mgodi wala ushuru wa maana, posho hiyo husikika tu kwa wenzake.

Ndani ya nyumba jambo hili lina gharama yake. Mke analima peke yake msimu mzima kwa sababu mume yuko kwenye vikao. Ikiwa mwenyekiti ni mwanamke, kazi za nyumbani hazipungui hata moja; anatoka kusuluhisha mgogoro wa mpaka na kurudi kukuta maji hayajatekwa. Watoto nao hujifunza mapema kuwa baba au mama ni wa watu wote.

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000, vyote vikiwa na wenyeviti wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika Novemba 27, 2024. Hawa ndio watu wanaojua nyumba ipi haikuwasha moto jana. Mtaalamu wa wilaya anaweza kuwa na digrii mbili, lakini hajui kwamba bibi wa nyumba ya mwisho analea wajukuu watano na paa linavuja.

Serikali inalijua hilo, ndiyo maana mipango mikubwa ya kupunguza umaskini imepitishwa mikononi mwao. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012. Katika mpango huo wanakijiji wenyewe ndio wanaoanza kutaja kaya zilizo hoi. Kisha kaya hizo zinajaziwa madodoso, taarifa zinachakatwa kwa kompyuta, na orodha inarudishwa kwenye mkutano wa kijiji ikathibitishwe. Ruzuku inayofuata imefungamanishwa na malezi: watoto waende shule, na wadogo wapelekwe kliniki.

Kwenye karatasi utaratibu huu umekaa vizuri. Tabu inaanza orodha inaporudi.

Tuseme kuna mjane ambaye kijiji kizima kilimtaja. Alipojaziwa dodoso alionekana ana nyumba ya bati, ile aliyoachiwa na marehemu, na jina lake halikurudi. Jirani yake aliyetajwa pamoja naye amepata. Mjane huyo hamjui aliyetunga dodoso wala aliyeweka hesabu kwenye kompyuta. Anayemjua ni mwenyekiti wa kitongoji, na ndiye atakayenuniwa kisimani, kanisani, msikitini na msibani. Watasema amemweka shemeji yake. Labda kweli amemweka, maana wapo wanaofanya hivyo. Lakini aliye mwaminifu na asiye mwaminifu wanapewa jina lile lile, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza wananchi jinsi majina yalivyochujwa. Mara nyingi mwenyekiti mwenyewe naye hakuelezwa. Aliitwa kwenye semina ya siku moja, akapewa soda, akarudi na makaratasi ambayo hakuyasoma yakaisha.

Hasara ya kuwaacha viongozi hawa bila mafunzo na bila macho ya wananchi imewahi kuonekana. Mwaka 2016 makumi ya maelfu ya kaya ziliondolewa katika mpango wa TASAF baada ya uhakiki: nyingine hazikuwa maskini, nyingine zilikuwa kaya hewa. Kila jina hewa lilikuwa limekalia nafasi ambayo ingeweza kuwa ya mjane kama huyo.

Hali ni hiyo hiyo kwenye mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, moja ya sababu ikiwa fedha kutorejeshwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha kina mama wanaofuga kuku hakianzii wilayani kutafuta mkopo huo. Kinaanzia kwa kiongozi wa kijiji au mtaa, anayethibitisha kuwa watu hao wapo na ni wakazi. Asiyejua utaratibu atawaambia njooni kesho. Kesho hiyo ikifika mara nne, kina mama wanaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule anayechukua kitanda na televisheni.

Nani anakaa kwenye kiti hicho pia ni jambo kubwa. India ilibadili katiba yake miaka ya mwanzo ya 1990 na kutenga theluthi moja ya nafasi za mabaraza ya vijiji kwa wanawake, pamoja na nafasi za uenyekiti. Utafiti uliofanyika West Bengal na Rajasthan, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliweka fedha zaidi kwenye maji ya kunywa. Ilitarajiwa: anayebeba ndoo anajua kisima kiko umbali gani. Tanzania imetenga robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji kwa wanawake, ila kwenye kiti cha mwenyekiti bado ni wachache, na wengi wanaotaka kugombea huanza kwa kuomba ruhusa nyumbani.

Kumuunga mkono kiongozi wa aina hii si lazima kuanze na fedha za wafadhili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Katika vijiji vingi mikutano hii inakosa watu, halafu wale wale waliobaki vilabuni au mashambani ndio wanaolalamika kwamba fedha zimeliwa. Baba na mama wanaweza kupokezana, mmoja abaki na watoto na mwingine aende akasikilize, aulize, akatae jina lisilostahili hata kama ni la ndugu yake. Kijiji kinaweza kuamua katika mkutano huo huo kumpa mwenyekiti wa kitongoji vocha na daftari, na siku mbili za wiki za kuwasikiliza watu chini ya mti au kwenye ofisi ya kijiji.

Siku nyingine abaki shambani na mwenzake. Wenye hodi za alfajiri, isipokuwa wa msiba na mgonjwa, waambiwe kwa upole warudi siku ya zamu.