Mikate ya Sikukuu na Fungu Lisiloliwa na Mwokaji

Wayahudi na Wayunani, ambao twawasoma sana katika Maandiko, wana mikate yao ya sikukuu iokwayo nyumbani hata leo. Inafaa tuijue, kwa maana ina fundisho kwa kila nyumba.

Mkate wa Wayahudi huitwa hala. Hapo kwanza jina hili lilikuwa la fungu, si la mkate. Katika Hesabu 15, Waisraeli waliamriwa kutenga fungu la kwanza la unga waliokanda, wamtolee Bwana. Likawa riziki ya makuhani. Hekalu lilibomolewa mwaka 70. Hata hivyo mwanamke Myahudi ashikaye torati, akikanda unga mwingi, humega donge dogo na kuliteketeza motoni. Kisha huweka mezani mikate miwili usiku wa kuamkia Sabato, ukumbusho wa mana iliyookotwa maradufu siku ya sita (Kutoka 16).

Ukitaka kuuoka, twaa unga wa ngano vikombe 4, hamira vijiko vidogo 2, sukari vijiko vikubwa 4, chumvi kijiko kidogo 1, mayai 2, mafuta robo kikombe, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe. Kanda dakika 10, hata unga uwe laini. Ufunike, uumuke hata uwe maradufu. Gawanya mafungu matatu, uyasokote kama kamba, uyasuke kama ukili. Ukiisha kuumuka tena, upake yai, unyunyize ufuta, uoke kwa joto la digrii 180 nusu saa hivi. Usitie siagi wala maziwa, kwa maana Wayahudi hawachanganyi maziwa na nyama, na karamu ile huwa na nyama.

Wayunani nao husuka mkate wa Pasaka, uitwao tsureki, lakini wao hutia siagi na maziwa. Sababu ni hii: katika Kwaresima wafungao hujizuia nyama, mayai na maziwa, basi Pasaka ifikapo, vitu hivyo hurudi mezani kwa furaha. Hunukishwa kwa utomvu wa mti wa mastika, utokao kisiwa cha Kio kitajwacho katika Matendo 20:15; wengine hutia iliki, ambayo twaijua sana. Katika msuko huwekwa yai jekundu, mfano wa damu ya Kristo.

Tena tarehe 1 Januari, sikukuu ya Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria wa karne ya 4 aliyewatunza maskini, huoka mkate wenye sarafu ndani, uitwao vasilopita. Mwenye nyumba hukata kipande cha kwanza kwa jina la Kristo, kisha cha Mama yake, cha nyumba, na katika nyumba nyingi kimoja cha maskini. Ndipo jamaa hupata vyao.

Angalieni, basi, akina mama na walimu. Mikate hii yatofautiana kwa siagi na mafuta, lakini hala na vasilopita zakubaliana katika neno moja: aliyekanda hatangulii kula. Kutoa mabaki si kazi. Hata kuku hupata mabaki. Iliyo kazi ni kutenga kabla ya kula, unga ukiwa mchache na watoto wakitazama. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Sikukuu ijayo, kabla kisu hakijagusa mkate, mtajeni kwanza jirani ambaye kipande chake kitatoka, na mtoto ndiye akipeleke.