Saa ya Jua kwa Matema

Msomaji wetu wa Matema, aliyeona kitabuni picha za saa za jua za mawe zipambazo bustani za Uskoti, atuuliza kama fundi mwashi aweza kumnakilia moja kwa ajili ya uwanja wa kanisa. Kuchonga aweza, kuisoma baadaye ndiko kutakakomtaabisha.

Waskoti wa karne ya 17 walipenda jiwe lenye kichwa cha nyuso nyingi, kila uso na saa yake, kama lile alilolichonga John Mylne mwaka 1633 kwa bustani ya Holyrood, Edinburgh. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala katika msikiti wa Bani Umayya huko Dameski, alilaza bamba la marumaru mwaka 1371, akalijaza mistari. Naye Maharaja Jai Singh, katika karne ya 18, alijenga Jaipur ngazi ya mawe yenye kimo cha mita 27, ambayo kivuli chake ndicho saa. Ladha zilihitilafiana, lakini sharti lilikuwa moja: ukingo utoao kivuli, ambao Waarabu huuita shakhisi nami kwa ukaidi wangu nauita pezi, uwe sambamba na mhimili wa dunia, yaani uinuke kwa digrii zilezile za latitudo ya mahali. Edinburgh ni 56, Jaipur 27. Matema ni 9 na nusu tu, tena kuelekea kusini.

Na hapo ndipo penye utamu. Laza chini gurudumu la baiskeli, ulitazame toka juu: spoki zaachana sawasawa, kama saa ziachanavyo kwa digrii 15 katika mzunguko wa jua. Sasa inama, uzidi kuinama, hata jicho likaribie usawa wa gurudumu; spoki zielekeazo kushoto na kulia zabanana, na zile zikujiazo wewe zatawanyika. Ndivyo ilivyo mistari ya saa juu ya jiwe lililolazwa, na mstari wa saa sita ndio spoki ya ubavuni. Mskoti hulitazama gurudumu lake kwa digrii 56, amestarehe. Mtu wa Matema ameinamishwa mpaka 9 na nusu, hata baina ya saa sita na saa saba asibakiwe ila na digrii 2 na nusu, ambazo tindo butu yaweza kuzimeza, ilhali baina ya saa kumi na moja na kumi na mbili anazo 58, asijue la kuzifanyia.

Basi mwashi na aache kunakili. Achukue jiwe bapa la mita 1, ainue upande wake wa kusini sentimeta 16 na nusu hata jiwe lenyewe liwe sambamba na mhimili wa dunia, na juu yake asimamishe pezi lenye kimo cha sentimeta 10, ukingo wake sambamba na jiwe, kutoka kaskazini hata kusini. Mistari yote itakuwa sambamba: toka katikati, kila upande, sentimeta 2.7, 5.8, 10, 17.3 na 37.3. Saa ya mkononi itaitangulia kwa dakika 44 hivi, maana saa ya Tanzania hufuata longitudo 45, na jua lenyewe huwahi na kuchelewa kwa majira. Jedwali dogo latosha. Mstari wa saa kumi na mbili hautakuwapo, kwani kivuli cha saa hiyo hukimbia nje ya jiwe lolote, lakini hasara ni ya jioni tu: asubuhi, Milima ya Livingstone iliyo mashariki huliziba jua wakati huo.